Shajara ya mradi: kipima chumvi cha kisima cha Bibi

14 Mei, maabarani Nairobi

Bodi ya kwanza ya saketi imekamilika saa kumi jioni. Upana milimita 22, urefu milimita 26. Niliilaza juu ya kisanduku cha kiberiti na bado picha ya kisanduku ilionekana pembeni. Kapasita na rezista zake (vijisehemu vya kuhifadhi umeme na vya kuuzuia) zina urefu wa milimita 1 na upana wa nusu milimita. Unazishika kwa koleo lenye ncha kama sindano, pumzi umeizuia. Asubuhi nilipiga chafya, na kapasita sita hazijulikani zilipo mpaka sasa.

Kwa atakayeipokea kazi hii baada yangu: katika idara yetu ya uhandisi wa umeme kuna kikundi kidogo kinachoshughulika na vifaa vidogo vinavyotumia umeme haba. Wenzangu wawili wako kwenye antena, mmoja kwenye kifaa cha mapigo ya moyo. Mimi nimechagua chumvi, kwa sababu nimezaliwa Lamu na nimekulia kwenye nyumba yenye kisima. Kisiwani maji matamu huelea juu ya maji ya bahari. Mvua hupenya mchangani ikatulia juu kwa kuwa ni nyepesi: lita moja ya maji matamu ina kilo 1, ya bahari ina kilo 1.025 hivi. Hesabu ya vitabuni inasema kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina mita 40 hivi chini yake. Ukiteka kwa pupa unaipunguza ile mita ya juu, na chumvi inapanda kutoka chini. Mji unapata maji yake kutoka visima vya vilima vya mchanga vya Shela, lakini watu wa nyumba za mawe bado wanateka vya kwao kwa kuoshea na kufulia.

Kifaa hakionji chumvi. Kinapima jinsi maji yanavyopitisha umeme kati ya vijiti viwili vya makaa, ambavyo nimevitoa ndani ya betri kubwa za tochi zilizokwisha. Mkondo hauendi upande mmoja tu, maana hapo vijiti vingeanza kutoa mapovu na kipimo kikaharibika. Unageuzwa huku na huku haraka. Pembeni kuna rezista ya joto, kwa sababu maji yakipata moto nyuzi moja tu huongeza upitishaji kwa asilimia 2 hivi, na bila kurekebisha hilo ningekuwa napima jua badala ya chumvi.

Ubongo ni ATtiny85, chipu ya pini 8 yenye kilobaiti 8 za programu na baiti 512 za kufanyia kazi. Inalala muda wote. Kila saa inaamka, inapima, inaandika kwenye kumbukumbu, inalala tena. Ikiwa usingizini leo imekula mikroampia 7 (mikroampia 1,000 ni miliampia 1). Betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu, ina miliampia-saa 220 hivi. Gawanya mwenyewe: miaka mitatu na nusu, karatasini.

16 Mei

Msimamizi ameipitia bodi. Ana kawaida ya kutukumbusha kwamba transista ya kwanza (kijisehemu kinachokuza au kukata umeme), ile ya maabara ya Bell Labs ya mwaka 1947, ilibanwa kwa klipu ya karatasi iliyokunjwa, na kwamba chipu ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista 2,300 hivi na watu wakaona ajabu. Leo aliyasema yote mawili, kisha akauliza, “Kwa nini umezibananisha nyaya hivi? Nafasi ya milimita 0.2 ya nini?”

Nikamjibu, “Daktari, bomba ni la inchi moja.”

Na ni kweli. Bibi alinipa sharti moja kwa simu: kitu chochote kisiguse ndoo yake. Kwa hiyo kifaa kinakaa ndani ya bomba la plastiki linalosimama ukutani mwa kisima, bodi juu, waya unashuka mpaka kwenye vijiti majini. Upana hauwezi kuzidi. Ila urefu ungeweza, na hilo sikulisema. Nilitaka bodi ndogo kuliko ya mwenzangu wa mapigo ya moyo. Naandika hapa kwa kuwa shajara haina wa kumdanganya.

23 Mei, Lamu

Basi mpaka Mokowe, mashua mpaka gatini, mzigo juu ya punda mpaka mtaani Mkomani. Kisima kiko nyuma ya daka, giza hata mchana, ukuta wake wa matumbawe una ubichi wa miaka.

Kabla ya kushusha nilirekebisha kipimo kwa maji sanifu ya maabara, yale yanayotoa 1,413 mikrosimensi kwa sentimita (kipimo cha upitishaji umeme) kwenye nyuzi 25, halafu kwa kikombe cha maji ya bahari nilichochota mbele ya gati. Bahari ilitoa zaidi ya 50,000, kama inavyotarajiwa. Maji ya kisima yako mbali chini ya hapo. Bibi aliyaonja kwa ncha ya ulimi, akatema pembeni. “Haya si ya kunwa, ni ya kuoshea,” akasema, kama vile nilikuwa na shaka.

Bomba limefungwa kwa kamba ya mnazi. Ndoo inapita bila kugusa. Tumeanza saa kumi na moja jioni.

3 Juni

Kimekufa. Siku 11.

Betri haina kitu kabisa. Miliampia-saa 220 kwa siku 11 ni wastani wa mikroampia 830. Nimehesabu mara tatu. Badala ya kulala, kifaa kilikuwa kinakesha.

4 Juni

Nimetia betri mpya, nimekaa barazani juani na mita ya umeme mkononi. Mikroampia 7. Safi kabisa.

Nimebadilisha programu hata hivyo, kwa kutokuwa na la kufanya.

6 Juni

Betri ya pili nayo inakwisha mbio. Kwa siku mbili!

Bodi ya akiba, niliyokuwa nimeitundika kisimani bila vijiti ili nione, nayo imekula vilevile. Nimeipeleka Nairobi kwa mtu anayesafiri, ikiwa imefungwa kwenye bahasha. Nyongeza, 7 Juni jioni: fundi wa maabara amenipigia: “Mikroampia 7, ndugu. Hii haina ugonjwa.” Msimamizi akachukua simu akanitania kwamba 1KUNS-PF, satelaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mchemraba wa sentimita 10, iliachiwa kutoka kituo cha anga za juu mwaka 2018 na ikafanya kazi, sasa mimi kisima kinanishinda? Nilicheka. Baadaye, kitandani, nikawaza kwamba huko juu hakuna unyevu wala chumvi.

Mgonjwa anayepona kila akifika hospitali. Wahandisi tunaichukia hitilafu ya aina hii kuliko bodi iliyoungua, maana iliyoungua angalau inakuonyesha jeraha.

8 Juni, saa tano usiku

Nimepima papo hapo, bila kuitoa bodi bombani: nimeshusha nyaya za mita ndani. Mikroampia 900 na kidogo. Nikaivuta juu, nikaipepea kwa kipepeo cha Bibi cha ukindu. Namba zikaanza kushuka: 600, 340, 120. Baada ya dakika kumi, 15. Nikairudisha bombani, ikapanda tena.

Kwa hiyo ni hewa. Lakini hewa yenye unyevu peke yake haipitishi umeme kiasi hicho. Mvuke wa maji masafi ungeongeza kidogo tu.

9 Juni

Kusi limeingia sawasawa. Asubuhi nimekuta Bibi anaumwaga mchuzi wa chumvi kutoka kwenye kibakuli chake cha mezani. Chumvi yake imelia usiku, kama inavyolia kila mwaka msimu huu. Anatia punje za mchele ndani zinyonye maji, na kusi likikaza hata mchele haufui dafu.

Nilisimama na kikombe cha chai mkononi mpaka akaniuliza kama naumwa.

Chumvi ya mezani huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevu ukifika asilimia 75 hivi, na inanyonya mpaka inayeyuka yenyewe. Chumvi ya bahari ina magnesiamu ndani yake, nayo haingoji hata kufika hapo. Nairobi, maabarani, hewa ni kavu na chumvi iliyoko juu ya bodi inabaki vumbi, na vumbi kavu halipitishi umeme. Kisimani vumbi lilelile linakuwa tone. Tone la maji ya chumvi lililolala kati ya waya wa volti 3 na waya wa sifuri ni waya wa tatu ambao sikuuchora.

Na chumvi ilitoka wapi, kama bodi haikuguswa na maji? Upepo wa bahari, kwanza. Pili vidole vyangu mwenyewe. Nilizipanga zile kapasita kwa mkono mtupu, nikitokwa jasho.

10 Juni, Langoni

Nimekwenda kwa fundi wa simu mwenye darubini ya mezani. Nimemweleza, akanisikiliza huku anabandua kioo cha simu ya mtu.

“Simu zilizoanguka baharini naletewa kila wiki,” akasema. “Ile ya maji ya mvua napona nayo. Ya bahari, mwenyewe akiichelewesha siku mbili, namwambia anunue nyingine.”

Tukaiweka bodi chini ya lenzi. Kwa macho ilikuwa inang'aa. Chini ya lenzi, kati ya miguu ya chipu, kulikuwa na ngozi ya njano ya mabaki ya fluksi, ile dawa ya kulehemia, na juu yake punje nyeupe, nyingine zina pembe nne kamili kama vigae. Kando ya pini ya betri kulikuwa na kitu cheusi chembamba, kimeota kutoka upande wa hasi kuelekea chanya, kina matawi, na matawi yana vitawi. Nilidhani ni unyoya. Fundi akakigusa kwa ncha ya sindano, kikavunjika kama majivu.

Ni metali. Upande wa chanya huyeyuka ndani ya lile tone, huogelea kuvuka, hujijenga upande wa hasi, na hujijenga kwa kurudi kule ulikotoka. Tulijaribu pale pale: tone la maji ya kisima juu ya bodi mbovu, betri ya volti 3. Kwa sekunde chache hakuna kitu. Halafu ukingo wa hasi ukaota ndevu, ndevu zikawa mwani, mwani ukavuka ule mfereji wa milimita 0.2 hata chai yake haijapoa. Ulipogusa ng'ambo sindano ya mita iliruka, mwani ukaungua, ukaanza kuota upya pembeni. Fundi aliita vijana wawili wa duka la jirani waje waone. Mmoja akauliza kama ni mdudu.

Swali la msimamizi limenirudia. Volti 3 ni chache, kila mtu anajua. Lakini volti 3 kwenye pengo la milimita 0.2 ni sawa na volti 15 kwa kila milimita. Pengo likiwa milimita 1, ni volti 3 tu kwa milimita, na mwani una safari mara tano. Kadiri unavyopunguza bodi ndivyo unavyoikaza ile nguvu inayovuta metali ivuke, na ndivyo punje moja ya chumvi inavyotosha kuwa daraja. Kwenye redio ya mbao ya babu yangu, ya mapengo ya sentimita, punje hiyo ingekufa njiani.

12 Juni

Nimeosha bodi kwa spiriti na mswaki, nikaipaka rangi ya kucha niliyoomba kwa binamu yangu. Alinipa nyekundu, isiyo na chenga kwa bahati. Mikroampia 7, hata kisimani. Nimefurahi mapema.

15 Juni

Mikroampia 400. Rangi imetoa malengelenge madogo.

Nimeifikiria usiku kucha na jawabu ni la aibu. Spiriti inaondoa fluksi, chumvi haiondoi, maana chumvi haiyeyuki vizuri kwenye spiriti. Niliisukuma tu huku na huku kwa mswaki, kisha nikaifungia chini ya rangi. Rangi ya kucha hupitisha mvuke polepole. Maji yakaingia, chumvi ikayavuta, bodi ikavimba kutoka ndani.

Kinachoondoa chumvi ni maji. Wanafunzi wa umeme tunafundishwa tangu mwaka wa kwanza kuyaogopa.

16 Juni

Nimenunua chupa ya maji ya betri ya gari, yale yaliyoondolewa madini. Utaratibu ambao sasa naufuata, kwa mpangilio huu na si mwingine: betri itoke, spiriti na mswaki mpaka ile ngozi ya njano iishe, kisha bodi nzima izame kwenye maji ya betri, itikiswe, maji yamwagwe, mara tatu, kisha ikaushwe kwa saa nne ndani ya bati juu ya jiko la mkaa lililokwisha moto, joto la kuvumilika kwa mkono. Baada ya hapo bodi haishikwi ila kwa pembeni, na kwa glovu. Rangi inapakwa ingali na uvuguvugu.

Bibi alinikuta naosha elektroniki kwenye sufuria yake ya uji. Hakusema neno. Aliichukua sufuria nilipomaliza, akaisugua kwa mchanga.

24 Juni

Siku nane, mikroampia 8 bombani usiku na mchana. Bamvua (maji makubwa) ya mwezi mpevu imepita na data ya kwanza ya maana ipo: mstari unapanda na kushuka na maji ya bahari, kidogo, ukichelewa saa kadhaa nyuma ya kujaa. Ila kilele kikubwa kuliko vyote si cha bamvua. Ni cha Jumamosi adhuhuri, na nilitumia saa nzima kutafuta kosa kwenye programu kabla ya kukumbuka: jirani walikuwa na arusi, na pampu yao ilinguruma tangu alfajiri kwa ajili ya wapishi. Visima vyetu vimeachana kwa ukuta mmoja.

Nimemwonyesha Bibi kwenye simu. Aliutazama ule mlima. “Siku hiyo nilikwambia,” akasema. “Nilikwambia mai yana munyu, ukanijibu ngoja kifaa.”

8 Julai, maabarani

Nimerudi kuchora bodi mpya. Upana uleule wa milimita 22 kwa sababu ya bomba, urefu sasa milimita 34. Nyaya zinazobeba volti za betri wakati wote zimeachana kwa milimita 1, na kati ya pini ya betri na jirani yake nimekata upenyo mwembamba kabisa, utoboe bodi upande wa pili: tone halitembei hewani. Kapasita zimekuwa za urefu wa milimita 1.6. Rezista ya kuvuta (inayoshikilia pini ya chipu isiyumbe) ya megaohmu 10 nimeipunguza iwe kilo-ohmu 100, maana ukishakuwa na megaohmu 10 kwenye bodi, alama ya kidole yenye unyevu nayo ni rezista inayoshindana nayo. Hilo linakula mikroampia chache zaidi kila inapoamka. Nakubali.

Mwenzangu wa mapigo ya moyo ameniuliza mbona bodi inakua badala ya kupungua. Nimemwambia jasho la binadamu lina chumvi. Amenyamaza, kisha akaomba ile picha ya mwani.

11 Julai

Tumejenga sanduku la majaribio, kitu ambacho kingetakiwa kuwepo tangu Mei: ndoo ya plastiki yenye mfuniko, chini yake chumvi iliyoloweshwa mpaka inakuwa uji. Chumvi ya namna hiyo hushikilia unyevu wa hewa ya ndani karibu asilimia 75, bila mashine yoyote. Bodi zinaning'inia juu kwa uzi. Ile bodi ya akiba ya mchoro wa kwanza, isiyooshwa, na ikiwa imepuliziwa maji ya bahari niliyoyabeba kwenye chupa, ilifika mikroampia 500 ndani ya masaa sita. Kumbe ningeweza kuiona Lamu nzima ndani ya ndoo nikiwa hapa hapa.

Msimamizi ameagiza kila bodi ya idara ipite kwenye ndoo hiyo wiki moja kabla ya kutoka. Wameshaibandika jina: “kwa Bibi”.

24 Julai, Lamu

Bodi ya pili iko bombani tangu jana. Imetoka “kwa Bibi” wa ndoo na mikroampia 9, na kwa Bibi mwenyewe ni 9 vilevile. Mwezi mpevu ulikuwa juzi, bamvua inatembea, gati imejaa mpaka ngazi ya juu.

Jirani wa arusi amekuja kuuliza kama atapata chake. Ana wasiwasi na pampu. Nina bodi moja ya akiba na nusu chupa ya maji ya betri, ila rangi iliyobaki kwa binamu yangu ni ya waridi yenye chenga, na sijui zile chenga ni plastiki au ni bati. Kesho naipeleka kwa fundi wa Langoni tuiweke chini ya lenzi na mita kabla sijapaka.